Neno "Busara" na Njia ya Tabora: Maoni Kuhusu Urithi wa Uamuzi wa Mwaka 1958

1.0 Utangulizi

Mnamo Januari 1958 chama cha TANU kilifanya mkutano wake mkuu wa mwaka mjini Tabora. Wajumbe walikutana kujadili jambo moja lililokuwa karibu kukipasua chama: je, TANU ishiriki katika uchaguzi wa kura tatu uliowekwa na serikali ya kikoloni, au iususie? Baada ya mjadala mkali mkutano ulikubali kushiriki. Uamuzi huo umeingia katika historia ya Tanzania kwa jina la Uamuzi wa Busara, na jina lenyewe limekuwa mithili ya methali: hutajwa mara kwa mara, na aghalabu halifafanuliwi.

Makala haya hayakusudii kusimulia upya historia hiyo, ambayo wanahistoria wameishughulikia vya kutosha. Azma yake ni kutoa maoni ya mwanaisimu kuhusu neno moja, yaani busara, na kuhusu namna neno hilo linavyotumika leo kwa jina la Mwalimu Julius Nyerere. Hoja yetu kuu ni kwamba itikadi ya Mwalimu ya kudai haki bila kumwaga damu ingali na uzito, lakini tunaipokonya uzito huo kila tunapoifanya busara kuwa kisawe cha kunyamaza. Ili kuitetea hoja hii yatupasa kuanza mahali palepale uamuzi ulipofanyika, na kutazama maneno yaliyopita hapo kabla ya TANU.

2.0 Njia ya Misafara na Maneno Yake

Tabora ilikuwa kitovu cha njia kuu ya misafara ya karne ya 19. Kutoka Bagamoyo njia hiyo ilipita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Unyanyembe, kisha ikaendelea hadi Ujiji, umbali wa takriban kilomita 1,200. Burton na Speke walifika hapo, wakati huo pakiitwa Kaze, mnamo Novemba 1857, na Januari 1858 walikuwa njiani kuelekea Ziwa Tanganyika. Kwa hiyo, wajumbe wa TANU walipokutana Tabora, ilikuwa imetimia miaka mia moja tangu wageni hao wapite wakiiandika nchi kwa ajili ya wasomaji wa Uingereza.

Kiswahili nacho kilisafiri katika njia hiyo. Kilisafiri pamoja na merikani, shanga, bunduki na pembe za ndovu. Kilisafiri pia pamoja na watumwa. Ukweli huu haufurahishi, lakini mwanaisimu hana ruhusa ya kuuficha. Lugha ambayo TANU iliitumia kuwaunganisha watu wa makabila zaidi ya 100 ilikuwa imefika bara, kwa sehemu kubwa, katika midomo ya wafanyabiashara, wapagazi na mateka.

Tutazame maneno mawili. La kwanza ni uhuru. Katika matumizi ya karne ya 19 huru ni mtu asiyekuwa mtumwa, au mtumwa aliyeachwa na bwana wake. Uhuru ulikuwa hali ya mtu mmoja mmoja, na mara nyingi ulitolewa na mwingine. Kufikia miaka ya 1950 neno hilohilo lilikuwa limepanuka likawa hali ya nchi nzima, na kitenzi chake kilikuwa kimebadilika: watu hawakungoja kupewa uhuru, bali waliudai. La pili ni uungwana. Katika misafara, mwungwana alikuwa mtu wa pwani asiye mtumwa, na wapagazi wengi, wakiwemo waliopata kuwa watumwa, walijiita waungwana ili kujipatia hadhi hiyo. Leo mwungwana ni mtu mwenye adabu na mwenendo mwema. Neno limehama kutoka katika nasaba hadi katika tabia, na kuhama huko ni ushahidi kwamba watu wa kawaida waliikataa maana ya zamani kwa kuitumia visivyo.

Wanyamwezi ndio waliokuwa mashuhuri kuliko wote katika kazi ya upagazi. Mpagazi alibeba mzigo wa kiasi cha frasila mbili, yaani karibu kilo 32, kwa majuma na miezi. Hakuwa na bunduki nyingi, wala hakuwa na sheria ya kumlinda. Hata hivyo, alikuwa na silaha moja ambayo wasafiri wa Kizungu waliilalamikia mno katika vitabu vyao: aliweza kuutua mzigo. Wapagazi waliodhulumiwa ujira au posho waligoma kuondoka kambini, au waliondoka usiku wakaiacha mali mbugani. Msafara ulikuwa mali ya tajiri, lakini ulisogea kwa miguu ya wapagazi, na kiongozi wa msafara, ambaye vitabu vya wakati huo humwita kirangozi, aliongoza kwa sababu walimkubali.

Hatusemi kwamba nchi hiyo ilikuwa nchi ya amani. Mirambo wa Urambo alipigana na Waarabu wa Unyanyembe kuanzia mwaka 1871. Mtemi Isike aliwapinga Wajerumani kwa silaha, na Januari 1893, boma lake liliposhindwa, aliwasha ghala la baruti akiwa ndani. Tabora iliijua njia ya bunduki na gharama yake. Iliijua pia njia ya kuutua mzigo. Njia zote mbili zilikuwamo katika kumbukumbu ya mahali pale TANU ilipokutana.

3.0 Kura Tatu

Mwaka 1958 Mwalimu hakuwa mgeni Tabora. Alisoma katika Shule ya Serikali ya Tabora kuanzia mwaka 1937, na baada ya Makerere alifundisha katika shule ya Mtakatifu Maria mjini humo hadi alipokwenda Edinburgh mwaka 1949. TANU ilizaliwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954, naye akawa rais wake. Mwaka 1957 aliteuliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria, na Desemba mwaka huohuo alijiuzulu kwa kuona kwamba serikali haikuwa tayari kukubali mapendekezo yake. Yafaa kulikumbuka hilo: mtu aliyewaomba wajumbe washiriki uchaguzi alikuwa ametoka barazani mwezi mmoja tu kabla.

Masharti ya uchaguzi yalikuwa ya kudhalilisha. Kila mpigakura alitakiwa achague watu watatu: Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Kwa hesabu hiyo Wazungu wapatao 20,000 walilinganishwa na Waafrika zaidi ya milioni 8. Aidha, mpigakura alipaswa kuwa na kiwango fulani cha elimu, au kipato cha paundi 150 kwa mwaka, au cheo kinachotambuliwa. Walioandikishwa hawakufika 100,000 katika nchi nzima. Mkulima wa tumbaku wa Urambo au mvuvi wa Ujiji hakuwa na nafasi katika orodha hiyo.

Kwa hiyo, waliotaka kususa walikuwa na hoja nzito. Kushiriki ni kukubali, walisema, na kukubali ni kuitia muhuri dharau. Masimulizi ya mkutano huo hutaja mfano ambao Mwalimu aliwajibia: mtu ambaye shamba lake liko ng'ambo ya dimbwi la tope, naye hana budi achague kati ya kuchafua miguu na kuyapoteza mavuno. Wengi walikubaliana naye. Zuberi Mtemvu hakukubali. Alitoka TANU na kuanzisha chama cha African National Congress, akisimamia msimamo wa Afrika kwa Waafrika.

Matokeo yanajulikana. Uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, na wagombea waliosimamishwa au kuungwa mkono na TANU walishinda. Chama cha UTP, kilichoanzishwa mwaka 1956 kwa baraka za Gavana Twining, kilisambaratika. Katika uchaguzi wa mwaka 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikawa huru.

Kuna tokeo jingine ambalo halitajwi sana. Sheria ya kura tatu ilitungwa ili iwagawe watu kwa rangi. Lakini kwa kuwa ilimlazimu kila mpigakura amchague Mwasia na Mzungu, TANU ililazimika kuwatafuta Waasia na Wazungu wa kuungana nao. Ndivyo walivyoingia barazani watu kama Amir Jamal, Sophia Mustafa, Derek Bryceson na Lady Chesham. Mjadala wa uraia ulipozuka Oktoba 1961, na baadhi ya wabunge wakataka uraia ufuate rangi, Mwalimu alikataa kabisa na kusema wazi kwamba serikali yake ingejiuzulu kuliko kukubali jambo hilo. Chombo cha ubaguzi kiligeuzwa kuwa shule ya usawa.

4.0 Maana ya Busara

Sasa turudi kwenye neno lenyewe. Busara limetokana na Kiarabu, na mzizi wake unahusu kuona: kuona kwa jicho na kuona kwa moyo. Uamuzi unatokana na kitenzi amua, ambacho maana yake ya awali ni kuwatenganisha watu wanaogombana. Kwa mujibu wa maneno yenyewe, basi, uamuzi wa busara ni kutenganisha ugomvi kwa kuona. Hakuna ndani yake dhana ya kuogopa, wala ya kungoja, wala ya kuridhika. Dhana ya kungoja inalo neno lake, nalo ni subira. Dhana ya kukwepa kwa hila inalo neno lake, nalo ni ujanja.

Waliokutana Tabora waliona nini? Waliona, kwanza, kwamba kura chache zilizoruhusiwa zingehesabiwa kwa haki. Waliona, pili, kwamba mtawala alikuwa na msimamizi: Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, na Mwalimu alikwisha kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini mjini New York mnamo Machi 1955. Waliona, tatu, kwamba wakisusa, viti vingechukuliwa na UTP. Na waliweka mwisho wa uvumilivu wao. Mkutano huohuo ulidai serikali ya madaraka ipatikane katika mwaka 1959, na ukaweka bayana kwamba dai hilo likipuuzwa TANU ingechukua hatua za vitendo, yaani migomo na ususiaji bila vurugu. Sehemu hii ya pili ya uamuzi imesahauliwa karibu kabisa. Tunawakumbuka wajumbe waliokubali kuubeba mzigo. Tunasahau kwamba walitaja kituo ambapo wangeutua.

Mtindo huu wa mapambano haukuwa wa Tanganyika pekee. Chama cha Congress cha India, baada ya maandamano ya chumvi ya Gandhi ya mwaka 1930, kilishiriki uchaguzi wa mwaka 1937 chini ya sheria ambayo kilikuwa kimeilaani. Nchini Ghana, Nkrumah aliitisha mgomo wa amani Januari 1950, akafungwa, na Februari 1951 chama chake kikashinda uchaguzi uliofanyika chini ya katiba ambayo yeye mwenyewe aliipinga. Kote huko kususa na kushiriki vilikuwa mikono miwili ya mtu mmoja. Swali halikuwa upi ni mtakatifu. Lilikuwa upi unafaa leo.

Mwalimu naye hakuwa na itikadi ya kutafuta kifungo. Mwaka 1958 alishtakiwa kwa kuwakashifu maofisa wa serikali katika jarida la chama. Akapatikana na hatia na kutakiwa alipe faini ya paundi 150 au aende jela miezi sita. Alilipa faini. Yaelekea aliona kwamba kampeni iliyokuwa mbele ilimhitaji nje zaidi kuliko ndani.

5.0 Mipaka ya Urithi

Haifai kumgeuza Mwalimu kuwa sanamu. Kukataa kwake umwagaji damu hakukuwa kanuni isiyo na masharti. Kuanzia mwaka 1963 Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na Tanzania iliwapa wapiganaji wa FRELIMO na wengine ardhi ya kufanyia mazoezi. Tamko la Lusaka la mwaka 1969 lilieleza msimamo huo: mazungumzo ni bora, lakini pale mtawala alipoziba kila mlango wa amani, wanaopigania haki hawawezi kulaumiwa kwa kushika silaha. Hii ina maana kwamba, katika fikra zake, wajibu wa kwanza wa kulinda amani humwangukia anayeshika ufunguo wa mlango.

Kuna pia doa ambalo hatuwezi kulipitia kimyakimya. Sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani ilitungwa mwaka 1962, mwaka mmoja tu baada ya Uhuru. Mwaka huohuo Mtemvu aligombea urais dhidi ya Mwalimu, akashindwa kwa kura zaidi ya asilimia 98; na mwaka 1965 nchi ikawa ya chama kimoja kisheria. Mlango ambao mkoloni alilazimishwa kuufungua kidogo ulifungwa na walioupitia. Haki ya kutokubaliana, ambayo Mtemvu aliitumia Tabora, haikuwa tena na mahali pa kukaa.

Kwa upande mwingine, ni Mwalimu huyohuyo aliyeunga mkono kurejeshwa kwa vyama vingi mwaka 1992, ingawa watu wengi waliohojiwa na Tume ya Jaji Nyalali, karibu asilimia 80, walipendelea chama kimoja kiendelee. Aliona tena. Mtu anayeweza kuyaona makosa ya jengo alilolijenga mwenyewe anastahili kuitwa mwenye busara kwa maana ya awali ya neno hilo.

6.0 Nafsi ya Kisarufi na Matumizi ya Leo

Hapa ndipo mwanaisimu anapokuwa na la kuongeza. Mwaka 1958 busara ilikuwa katika nafsi ya kwanza wingi. Wajumbe walijiambia: tutumie busara. Msemaji na msemwa walikuwa walewale, na gharama ya uamuzi ilikuwa juu ya wote waliouamua. Siku hizi tungo tunazozisikia zaidi zimo katika nafsi ya pili: tumieni busara. Mwenye madaraka huwaambia wasio nayo. Mzee huwaambia vijana. Mwajiri huwaambia waliocheleweshewa ujira. Kisemantiki neno halijabadilika katika kamusi. Kipragmatiki limegeuka na kuwa amri ya kunyamaza. Ndivyo ilivyo kwa jozi ya "amani na utulivu", ambayo imezoeleka mno hata haki, iliyopaswa kuwa neno la kwanza katika mfuatano huo, haionekani kupungua.

Uchaguzi mkuu wa tarehe 29 Oktoba 2025 umetulazimisha tulitazame jambo hili upya. Swali lililovikabili vyama vya upinzani lilikuwa lile la Tabora: kushiriki au kususa? CHADEMA kilidai mabadiliko kwanza, hakikusaini kanuni za maadili ya uchaguzi, na kikaondolewa kwenye kinyang'anyiro, mwenyekiti wake akiwa mahabusu kwa shitaka la uhaini. ACT-Wazalendo kiliamua kushiriki, na mgombea wake wa urais akaenguliwa. Aliyesusa na aliyeshiriki wakajikuta nje ya mlango mmoja. Siku ya uchaguzi yakazuka maandamano. Watu waliuawa, intaneti ikazimwa, na Dar es Salaam ikawekwa chini ya amri ya kutotoka nje. Novemba mwaka huo serikali iliunda tume ya kuchunguza yaliyotokea.

Makala haya si mahali pa kutoa hukumu ambayo ni ya mahakama na ya wananchi. Lakini tunaweza kusema hili: mtu anayewakemea wafuasi wa upande mmoja au mwingine kwa kuwatajia Uamuzi wa Busara hana budi ataje pia masharti yake. Mwaka 1958 mgombea hakuenguliwa, kura ilihesabiwa, na msimamizi alikuwapo. Masharti hayo yakikosekana, anayesema "fanyeni kama TANU" anataja jina la dawa huku chupa ikiwa tupu. Na aliyechoma mali au kumdhuru mtu asiye na hatia kwa jina la haki, naye hawezi kusimama Tabora. Pale waliamua kuutua mzigo, hawakuamua kumpiga mwenzao aliyeubeba. Hata hivyo, mizani haiko sawa. Raia asiye na silaha akitakiwa asitumie nguvu, dola yenye silaha yatakiwa zaidi. Itikadi ya kukataa umwagaji damu inayomfunga raia peke yake si itikadi ya Nyerere. Ni ile ambayo Nyerere aliikuta.

7.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba urithi wa Tabora umo katika njia ya kufikiri zaidi kuliko katika jibu lililopatikana mwaka 1958. Njia hiyo ina hatua tatu: kuiona hali kama ilivyo, kuchagua chombo kisichomwaga damu ambacho kinaweza kufanya kazi katika hali hiyo, na kutaja mapema mwisho wa uvumilivu. Anayezitimiza hatua zote tatu anaweza kufikia uamuzi tofauti kabisa na ule wa TANU, na bado akawa mrithi wake halali. Anayeurudia uamuzi ule bila hatua hizo anarithi jina tu.

Wanafunzi wetu wa isimu wana kazi hapa. Msamiati wa siasa wa miaka ya 1950, katika hotuba, magazeti na barua za chama, unahitaji kukusanywa na kuchambuliwa kwa kuzingatia nani alisema nini kwa nani. Wazee waliokuwa vijana Tabora mwaka 1958 wanazidi kupungua, na pamoja nao yanaondoka matumizi ambayo kamusi hazikuyanukuu. Pale Unyanyembe mpagazi mmoja mmoja alilibeba neno uhuru akiwa hana, na warithi wake wakalipa maana ambayo wenye misafara hawakuikusudia. Neno busara nalo lahitaji kurudishwa katika nafsi yake ya kwanza wingi, ili viongozi na raia walitamke wakiwa upande mmoja wa kitenzi.